Mji Uliomkumbusha Mfalme Alikotoka

Kwa miaka 24 ya kwanza ya maisha yake, mji wa Abeokuta haukuwa na mfalme. Hiyo si habari ndogo. Ukisoma historia ya Wayoruba utakuta kila mji mkubwa unajitambulisha kwa mfalme wake: Ile-Ife ina Ooni, Oyo ina Alaafin, Ijebu-Ode ina Awujale. Mfalme ni kama cheti cha kuzaliwa cha mji. Abeokuta ilianza mwaka 1830 bila cheti. Ilianza kama kambi ya wakimbizi.

Naomba ulishike hilo tunapoendelea, kwa sababu zaidi ya miaka mia moja baadaye wanawake wa soko wa mji huohuo walikesha nje ya jumba la mfalme wakiimba, wakarudi tena, na tena, mpaka akaondoka. Hadithi hiyo imeanza kujulikana na vijana wengi siku hizi, hasa wale waliomfikia Fela Kuti kupitia muziki kisha wakamgundua mamake. Lakini mara nyingi inasimuliwa kana kwamba ilidondoka kutoka mbinguni, ati wamama walichoka siku moja tu wakaingia barabarani. Mimi naona tofauti. Wamama wale walikuwa wakiujua mji wao kuliko Mwingereza aliyekuwa akiutawala, na pengine kuliko mfalme mwenyewe.

Basi tuanzie msituni.

Waegba ni tawi la Wayoruba, kusini magharibi mwa Nigeria ya leo. Katika karne ya 18 waliishi katika vijiji vilivyotapakaa msituni, chini ya himaya ya Oyo iliyokuwa kaskazini kwao. Oyo ilikuwa na farasi na jeshi la kuogopwa, na ilikuwa na mawakala walioitwa ilari, waliokaa katika vijiji vya Waegba wakikusanya kodi na kula vya wenyewe. Huyo ilari alikuwa mgeni asiyeondoka. Sasa, Waegba walikuwa na desturi inayoitwa aaro: leo tunalima kwako sote, kesho tunahamia kwangu. Wakikuyu wanaijua kama ngwatio, Wakamba kama mwethya, Waluo kama saga. Ni jambo la kawaida kabisa, na kwa sababu ni la kawaida, mtoza kodi hakuwa na sababu ya kulitilia shaka.

Mkulima mmoja kwa jina Lisabi aliona nafasi hapo. Masimulizi ya Waegba yanasema alizunguka kijiji baada ya kijiji akiunda vikundi vya aaro, na vikundi hivyo, mbali na majembe, vikawa vinafanya mazoezi ya vita. Siku ilipofika, mwishoni mwa karne ya 18, Waegba waliinuka kwa pamoja na kuwaua ilari kila walipokuwa. Jeshi la Oyo likaja kulipiza kisasi, nalo likashindwa. Waegba wakawa huru, na mpaka leo huko Abeokuta watu hujiita watoto wa Lisabi. Kumbuka basi kwamba shujaa wao mkuu alikuwa mkulima, hakuzaliwa katika nyumba ya kifalme, na kosa la maadui wake lilikuwa kodi.

Uhuru huo ulidumu kwa miongo michache tu. Kufikia miaka ya 1820 himaya ya Oyo ilikuwa inaporomoka, na nchi ya Wayoruba ikaingia katika vita vya mfululizo. Mji wa Owu ulizingirwa ukabomolewa. Majeshi yaliyoubomoa, mchanganyiko wa watu wa Ife, Ijebu na wakimbizi wa Oyo waliogeuka kuwa askari, hayakurudi nyumbani. Yaliingia katika msitu wa Waegba na kuviangusha vijiji kimoja baada ya kingine. Waliokamatwa waliuzwa pwani, wakapakiwa melini. Waliosalia walijikusanya Ibadan pamoja na watu walewale waliowachomea nyumba, wakaishi kwa mashaka na ugomvi, hadi mwaka 1830 walipoamua kuondoka chini ya kiongozi wa vita aitwaye Sodeke.

Walielekea mahali penye mwamba mkubwa unaoitwa Olumo, karibu na mto Ogun, kama kilomita 80 kaskazini mwa Lagos. Mwamba ule una mapango na vijia vya kujificha, na juu yake unaweza kumwona adui akiwa bado mbali. Mji ukapewa jina kutokana na hali yao halisi: abe okuta, yaani chini ya jiwe.

Hapa ndipo mambo yanapopendeza. Hawakuchanganyika wakawa mji mmoja kama uji. Fikiria watu wa vijiji zaidi ya mia vilivyoteketezwa, wote wamehamia bonde moja, na kila kundi limebeba jina la kijiji chake likakipanda upya hapo kama mtaa. Ake ikawa mtaa. Ijemo, Itoku, Kemta, Igbein, Ikija, vyote vikawa mitaa. Kila mtaa ulikuja na wazee wake, viongozi wake wa vita, soko lake na baraza lake la Ogboni. Baraza hili lilikuwa la wazee wenye vyeo, wanaume kwa wingi lakini na wanawake pia, na lilikuwa na nguvu za kumwekea mkubwa yeyote mipaka. Juu ya mitaa kulikuwa na makundi makubwa ya asili: Egba Ake, Oke-Ona, Gbagura, na baadaye wakimbizi wa Owu waliojiunga nao. Mambo ya mji mzima yalijadiliwa na wote. Yalikuwa ni majadiliano marefu, yenye kelele, na wamisionari Wazungu waliofika baadaye waliyalalamikia sana kwamba hapa hujui hata umwone nani ili mambo yaende.

Alake wa kwanza katika mji huo mpya, Okukenu, alitawazwa mwaka 1854. Na hata hivyo alikuwa mmoja kati ya wafalme kadhaa, kwa kuwa Oke-Ona wana Osile wao, Gbagura wana Agura, Owu wana Olowu. Alake alikuwa kama kaka mkubwa katika nyumba ambayo wadogo zake nao wameoa na wana familia zao. Anaheshimiwa, anapewa kiti cha mbele, lakini hawezi kuamka asubuhi akauza shamba.

Sitaki kuupamba mji huu kupita kiasi. Watu waliokimbia kukamatwa utumwani wao pia walimiliki watumwa na kuwauza, na mawese yaliyoipa Abeokuta utajiri yalibebwa na watumwa mpaka mtoni. Hilo halifutiki.

Lakini ulikuwa pia mji ambao watu walirudi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1830, Waegba na Wayoruba wengine waliokombolewa kutoka kwenye meli za watumwa na kushushwa Sierra Leone walianza kununua nafasi kwenye meli za kurudi. Waliitwa Saro. Walikuja na Kiingereza, Ukristo, suti, na ujuzi wa kusoma. Mmoja wao alikuwa Samuel Ajayi Crowther, ambaye baadaye aliongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiyoruba na kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana. Alikamatwa kijijini kwao mwaka 1821 akiwa mvulana, akatengwa na mamake. Mwaka 1846 alifika Abeokuta kama mchungaji, na huko huko, kati ya wakimbizi chini ya jiwe, akakutana na mamake. Miaka 25 ilikuwa imepita. Mama naye alikuwa amepita katika utumwa wake mwenyewe. Nimesoma hadithi nyingi za misioni ambazo sikuzijali, lakini hii kila mara hunisimamisha.

Mwaka 1859 mmisionari Henry Townsend alianza kuchapisha hapo gazeti la Iwe Irohin, gazeti la kwanza la lugha ya Kiyoruba. Miaka minane baadaye Waegba walichoshwa na Waingereza waliokuwa wamejikita Lagos na kuingilia biashara yao. Wakavamia nyumba za misioni na kuwafukuza Wazungu mjini. Gazeti likafa. Uhusiano wa mji huu na Uingereza ulikuwa hivyo, leo chai, kesho mawe.

Kabla ya hapo adui mkubwa alikuwa ametokea magharibi. Kama uliitazama filamu ya The Woman King ya 2022, wale wanawake askari wa Dahomey waliochezwa na Viola Davis na wenzake unawakumbuka. Lupita Nyong'o naye alitengeneza filamu ya matukio halisi kuwahusu mwaka 2019. Sote tuliwashangilia. Sasa jaribu kuwatazama ukiwa umesimama juu ya ukuta wa udongo wa Abeokuta. Machi 1851, mfalme Ghezo wa Dahomey alituma jeshi lake dhidi ya mji huu, na wanawake hao walikuwa mstari wa mbele. Walikuja kukamata watu. Waegba waliwazuia ukutani na kuwaua wengi. Inasimuliwa kwamba walipogundua wanaopambana nao ni wanawake, walipandwa na hasira wakapigana mara mbili zaidi, jambo ambalo linasema mengi kuhusu wanaume wa Abeokuta kuliko kuhusu Dahomey. Mwaka 1864 Dahomey ilirudi chini ya mfalme Glele, ikashindwa tena.

Katika vita vile vya pili, aliyehakikisha kuna bunduki na baruti alikuwa mwanamke. Efunroye Tinubu alikuwa mfanyabiashara mkubwa, wa tumbaku, chumvi, silaha na, ndiyo, watu. Alikuwa na nguvu Lagos mpaka Waingereza wakamfukuza mwaka 1856 kwa kuwa hakuwa tayari kuinama. Akahamia Abeokuta. Baada ya ushindi wa 1864 mji ulimpa cheo cha Iyalode wa Waegba wote. Iyalode ndiye msemaji wa wanawake mbele ya serikali. Ana sauti katika baraza, ana wasaidizi wake, anapeleka mbele malalamiko ya soko. Ni cheo cha kazi. Tinubu alikufa mwaka 1887, na kwa kweli tangu hapo hicho kiti cha wanawake kilianza kupoa, kwa sababu mambo mengine yalikuwa yanakuja.

Waingereza walikuwa wameichukua Lagos mwaka 1861. Mwaka 1893 walitia saini mkataba wa kuutambua uhuru wa Waegba. Mwaka 1898 wakashinikiza kuundwa kwa serikali yenye sura wanayoielewa, iliyoitwa Serikali ya Muungano ya Waegba, yenye makatibu, kodi za forodha, na Alake juu kabisa. Mzungu alikuwa amepata alichokitafuta: mtu mmoja wa kumwona ili mambo yaende. Alake Gbadebo alialikwa London mwaka 1904 na kukutana na Mfalme Edward VII. Picha zake zilitoka magazetini. Nyumbani, yule kaka mkubwa alianza kuonekana kama baba.

Agosti 1914 mzee mmoja wa mtaa wa Ijemo alikamatwa katika ugomvi wa kazi za kulazimishwa, akafa. Watu wa Ijemo wakaandamana. Askari wa serikali ya kikoloni wakaitwa, wakawafyatulia risasi, makumi wakafa. Mwezi uliofuata uhuru wa Waegba ulifutwa rasmi, mji ukaunganishwa na Nigeria. Mwaka 1918 ikaja kodi ya moja kwa moja, na kufikia Juni watu walikuwa wanang'oa reli. Vita hivyo vinaitwa vita vya Adubi. Mmoja wa wale wafalme, Osile, aliuawa na waasi. Wakoloni walijibu kwa maelfu ya askari na mamia ya watu wakauawa. Kodi ikabaki.

Na kodi hiyo ilikuwa na kitu ambacho sehemu nyingi za Nigeria hazikuwa nacho: Abeokuta ilimtoza mwanamke peke yake, kwa jina lake, awe ameolewa au la. Msichana alianza kulipa akiwa na miaka 15, mapema kuliko mvulana. Wanawake wengi walilipa kiwango kimoja, shilingi 2 na nusu za wakati huo, awe anauza nguo kwa jumla au anauza pilipili kwa vifungu. Kwa kuwa wasichana hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, wakaguzi wa kodi walikuwa wakiwasimamisha na wakati mwingine kuwavua nguo ili waone kifua na waamue kama ametimiza umri. Nitakuacha na hilo kwa muda. Wale wanaojua jinsi kanjo wanavyomvamia mama mboga watajua hasira ninayoizungumzia, ila hii ilikuwa mbaya zaidi.

Wanawake wa Abeokuta walikuwa na pesa zao, kwa hiyo walitozwa. Na pesa nyingi zilitoka kwenye nili.

Nenda katika soko la Itoku leo utakuta bado wanauza adire, kile kitambaa cha buluu iliyokolea. Kinatengenezwa kwa kuzuia rangi isishike mahali fulani. Ukitaka miduara, unafunga kitambaa kwa nyuzi na kukichovya. Ukitaka michoro, unachora kwa unyoya kwa uji wa wanga wa muhogo. Rangi haiingii palipo na wanga. Kila mchoro una jina na maana, na kama leso za kwetu, mavazi yanaweza kumsema mtu bila aliyevaa kufungua mdomo. Kazi hii ilikuwa ya wanawake toka mwanzo hadi mwisho: waliokopa kitambaa cheupe cha Uingereza madukani, waliochora, waliochovya, waliosafirisha. Kati ya vita viwili vya dunia wateja walikuja kutoka mbali, hata Ghana na Senegal.

Halafu bei zikaanguka katika mdororo wa miaka ya 1930. Wapaka rangi wakaanza kutumia nili ya viwandani na soda kostiki badala ya maji ya majivu, ili wafanye kazi haraka na kwa gharama ndogo. Mwaka 1936 Alake, ambaye sasa alikuwa Ademola II, alipiga marufuku vitu hivyo kwa hoja kwamba vinaharibu ubora. Hebu ona walichofanya wale wanawake: walitafuta wakili. Wakaandika malalamiko, wakamfuata Mzungu wa wilaya, wakapeleka kesi yao juu. Miaka kumi na zaidi kabla ya maandamano makubwa, wamama wa adire walikuwa tayari wamejifunza kumpinga mfalme kwa karatasi.

Ademola alikuwa mtu wa aina gani? Hakuwa zimwi. Alikuwa mfalme msomi aliyekaa kitini tangu 1920, akapewa na Waingereza cheo kilichoitwa Mamlaka Pekee ya Wenyeji. Hilo neno "pekee" ndilo jipu lenyewe. Katika mji uliojengwa na mitaa zaidi ya mia, wenye Ogboni, wenye wafalme wanne, wenye Iyalode, sheria sasa ilisema mamlaka ni mtu mmoja. Ukilalamika kwa mkoloni anakwambia hayo ni mambo ya mila, mwone Alake. Ukimwendea Alake anakwambia hiyo ni amri ya serikali.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mambo yakawa mabaya. Serikali ilitaka chakula kwa ajili ya jeshi na kwa bei yake. Mchele wa wanawake ulikuwa unanyakuliwa barabarani na sokoni na watu wa mfalme, wanalipwa kidogo au hawalipwi kabisa. Gari nayo ikawekewa bei. (Gari ya Nigeria ni unga wa muhogo uliokaangwa, si lile la kupanda.)

Ndipo anaingia Funmilayo Ransome-Kuti. Alizaliwa Abeokuta mwaka 1900, katika familia ya Saro. Alikuwa kati ya wasichana wa kwanza kuingia Abeokuta Grammar School mwaka 1914, akaenda Uingereza kusoma, akarudi akiwa ameacha majina yake ya Kizungu. Mumewe, Israel, alikuwa mwalimu mkuu wa shule hiyohiyo na kiongozi wa chama cha walimu. Ukimtazama katika miaka ya 1930 ni mama wa tabaka la juu mwenye klabu ya wanawake wenzake wasomi, wanajadili mapishi na ushonaji. Mwaka 1944 klabu ilianza kuwafundisha wanawake wa sokoni kusoma. Darasa hilo liligeuka. Walimu walianza kuwasikia wanafunzi wao wakisema kwa nini mchele wao umeenda na kwa nini binti zao wanavuliwa nguo. Kesi ya kwanza waliyoichukua ilikuwa ya mchele, na wakashinda: unyakuzi ukakomeshwa.

Mwaka 1946 klabu ikawa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta, na wauzaji wa soko wakawa ndio wengi. Funmilayo aliacha magauni akaanza kuvaa kitambaa cha kujifunga kama wao, ili mtu asijue msomi ni yupi. Kwenye mikutano na maafisa wa Uingereza alizungumza Kiyoruba, na wao wakahangaika kutafuta mkalimani, ilhali Kiingereza chake kilikuwa sawa na chao. Mimi hucheka kila nikikumbuka hilo.

Madai yao yalikuwa matatu: kodi ya wanawake iondoke, Mamlaka Pekee iondoke, na wanawake wapate viti katika utawala. Tazama vizuri. Dai la pili na la tatu hayakuwa mageni mjini. Utawala wa wengi ulikuwepo tangu 1830. Kiti cha mwanamke kilikuwepo, Tinubu alikikalia. Kilichokuwa kigeni ni huyo mfalme wa peke yake, na umri wake ulikuwa mdogo kuliko wa wanawake wengi waliokuwa wakimwimbia.

Waliimba. Serikali ilipokataa kutoa vibali vya maandamano, Funmilayo alisema hakuna maandamano, wamama wanakwenda pikniki tu. Pikniki ya watu maelfu. Usiku wa Novemba 29 kuamkia 30, mwaka 1947, wanawake zaidi ya 10,000 walikesha nje ya jumba la Alake wakiimba nyimbo za kumsuta, nyingine zikiwa na matusi ya nguoni ambayo mama mwenye heshima hayatamki mchana. Walirudi Desemba, wakakaa kwa siku mbili mfululizo. Walifundishana nini cha kufanya polisi wakirusha vitoza machozi: funika macho, pua na mdomo kwa kitambaa, okota ule mkebe, mrudishie mwenyewe. Mwaka 1947! Kuna mambo ambayo vijana wa Nairobi wa Juni 2024 walidhani wameyavumbua kwenye TikTok.

Afisa mmoja wa Uingereza alimkaripia Funmilayo awanyamazishe wanawake wake. Alimjibu kwa kumuuliza kama yeye angemsemesha mamake mzazi hivyo. Wole Soyinka, aliyekuwa mtoto Abeokuta na ambaye mamake alikuwa mmoja wa waandalizi, ameyaandika ya siku zile katika kitabu chake Aké cha 1981, akijionyesha kama kijana mdogo anayetumwa huku na kule kupeleka ujumbe. Kisomo kizuri kuliko ripoti zote za serikali.

Wanaume walikuwa na silaha yao ya mwisho. Oro ni ibada ya wanaume. Sauti yake inapovuma mjini, kila mwanamke lazima ajifungie ndani, na akitoka lolote laweza kumpata. Ilijaribiwa kutumika kuwarudisha nyumbani. Inasimuliwa kwamba Funmilayo aliinyakua fimbo ya Oro kutoka kwa mzee wa Ogboni, akaenda kuiweka nyumbani kwake ambapo kila mgeni angeiona.

Kodi ikasitishwa mwaka 1948. Lakini wanawake hawakuondoka. Julai mwaka huo Ogboni wenyewe, wazee waleee waliokuwa wamenyamaza kwa miaka, walimgeuka Ademola. Nafikiri hapo ndipo mambo yalipoamuliwa. Mfalme angeweza kuwavumilia wanawake kwa kusema ni kelele za soko. Ogboni walipomwacha, alibaki na Waingereza tu, na Waingereza hawakuwa tayari kupigana na mji mzima kwa ajili yake. Aliondoka Abeokuta. Januari 3, 1949, akajiuzulu. Mamlaka Pekee ikafutwa, kodi ya wanawake ikaondolewa, na wanawake wanne, Funmilayo akiwa mmoja wao, wakaingizwa katika baraza la muda.

Mwisho wa mwaka 1950 Ademola alirudi kitini. Hili watu hulisahau wanaposimulia, kwa sababu linaharibu utamu. Aliendelea kuwa Alake mpaka alipokufa mwaka 1962. Lakini alirudi katika kiti kingine, chenye baraza lililomzunguka, na kufikia wakati huo kila mtu Abeokuta alikuwa ameshaona kwamba anaweza kuondoka.

Funmilayo aliendelea. Alisafiri China, jambo lililoifanya serikali ya Nigeria imnyime pasipoti. Mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Amani ya Lenin. Mwanawe Fela, aliyezaliwa Abeokuta mwaka 1938, akakua akawa mwanamuziki ambaye serikali za kijeshi zilimchukia. Februari 18, 1977, askari waliivamia nyumba yake Lagos, aliyoiita Jamhuri ya Kalakuta. Walipiga watu, wakachoma nyumba, na mamake, mwenye miaka 76, akatupwa nje kutoka dirisha la ghorofani. Hakupona vizuri. Alikufa Aprili 13, 1978. Uchunguzi wa serikali ulisema nyumba ilichomwa na askari asiyejulikana. Fela alipeleka jeneza mpaka kwenye kambi ya Dodan, alikokaa mkuu wa nchi, akaliacha langoni.

Mazishi yenyewe yalikuwa Abeokuta. Alizikwa katika kaburi moja na mumewe. Maelfu walikuja, na siku hiyo wamama wengi mjini walifunga masoko na maduka yao.